Kusoma Majibu ya Maabara Kuhusu Mifupa: Vitamini D, Kalsiamu na Madini Mengine

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mzazi anayeona miguu ya mtoto wake ikipinda, mtu mzima anayeumwa mapaja na kiuno kwa miezi mingi bila kujua chanzo, na kila mtumiaji wa huduma aliyekabidhiwa karatasi ya majibu yenye herufi na namba asizozielewa. Tumelielekeza kwa wakazi wa Mkoa wa Singida kwa sababu mkoani humo mambo matatu hukutana: jua lipo mwaka mzima, chakula kikuu cha kaya nyingi ni nafaka zenye kalsiamu kidogo, na maji ya ardhini katika baadhi ya maeneo yana floraidi nyingi. Kila moja kati ya mambo hayo hubadili maana ya namba zinazoandikwa na maabara.

Tunaomba msomaji aweke akilini jambo moja tangu mwanzo. Kalsiamu ya damu inaweza kusomeka kuwa ya kawaida ilhali mifupa inaendelea kudhoofika. Mtu anayesoma namba hiyo peke yake anaweza kurudi nyumbani akiwa na faraja isiyo ya kweli, na mtoto akapoteza miezi ambayo miguu yake ingeweza kunyooka.

1. Mfupa ni ghala la akiba

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki huzunguka katika damu na kufanya kazi zisizoweza kusubiri: kuuwezesha moyo kupiga, misuli kujikunja, neva kupeleka taarifa na damu kuganda. Kwa hiyo mwili huilinda kalsiamu ya damu kwa nguvu zake zote, na kinachotumika kuilinda ni mfupa wenyewe.

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne ndogo ziitwazo parathairoidi. Kalsiamu ya damu inapoanza kushuka, tezi hizo hutoa homoni ambayo maabara huifupisha kwa herufi PTH. Homoni hiyo hufanya mambo matatu. Huamuru mifupa iachie kalsiamu, huamuru figo zirudishe kalsiamu ambayo ingepotea katika mkojo, na huzitaka figo hizohizo ziigeuze vitamini D kuwa katika hali yake ya utendaji ili utumbo ufyonze kalsiamu zaidi. Lakini PTH huzifanya figo pia zimwage fosfeti, na mfupa hauwezi kuwa mgumu bila fosfeti.

Tufananishe na kaya ambayo chungu chake cha ugali hujaa kila jioni. Jirani akichungulia chungu atasema kaya hiyo imeshiba. Akifunua kihenge ataona nafaka inaelekea kwisha. Kalsiamu ya damu ni chungu. Mfupa ni kihenge. Vipimo tutakavyovieleza hapa vinatusaidia kuchungulia ndani ya kihenge kabla hakijabaki kitupu.

Mtoto mwenye upungufu wa muda mrefu hupata riketsi: ncha za mifupa inayokua hazikomai, vifundo vya mikono huvimba, mbavu hutokeza vinundu, na miguu hupinda ikawa matege au magoti yakagongana. Kwa mtu mzima, ambaye mifupa yake imeshaacha kurefuka, tatizo hilohilo huitwa osteomalasia. Mifupa huuma, misuli ya mapaja hulegea, na mtu huona taabu kuinuka kutoka kwenye kigoda au kupanda ngazi.

2. Jua lipo, kwa nini basi mifupa ilegee?

Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya watu 60 wa Tanzania wanaoishi kwa desturi za asili: Wamaasai 35 na Wahadzabe 25. Wahadzabe huishi kandokando ya Ziwa Eyasi, na baadhi yao ni wakazi wa Wilaya ya Mkalama mkoani Singida. Wastani wa vitamini D kwa kundi zima ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 50 ambacho wataalamu wa riketsi hukihesabu kuwa kinatosha. Watu hao walitumia sehemu kubwa ya mchana wakiwa nje.

Hata hivyo, kuishi chini ya jua hakumaanishi kuwa kila mtu hulipata. Mtoto mchanga anayefungiwa ndani au kufunikwa mwili mzima, mgonjwa asiyetoka kitandani, mfanyakazi anayeshinda ndani ya jengo, na mtu anayevaa mavazi yanayofunika mwili wote wanaweza kupungukiwa. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halitengenezi vitamini D. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi wa jua kuliko ngozi nyeupe. Maziwa ya mama ni chakula bora kwa mtoto mchanga, lakini vitamini D iliyomo ni ndogo. Ndiyo maana wataalamu wa nchi mbalimbali walioafikiana mwaka 2016 kuhusu riketsi walipendekeza mtoto apewe yuniti 400 za vitamini D kila siku katika mwaka wake wa kwanza. Mzazi aulize kliniki ya watoto kuhusu jambo hili kabla ya kununua chochote. Tunasisitiza pia kwamba watu wenye ualbino wasihimizwe kuota jua kwa ajili ya mifupa. Hatari ya saratani ya ngozi kwao ni kubwa, na njia nyingine zipo.

Upande wa pili wa jambo hili husahaulika mara nyingi. Mtoto anaweza kuwa na vitamini D ya kutosha na bado akapata riketsi kwa kukosa kalsiamu katika chakula. Hayo yalionekana wazi nchini Nigeria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliohusu watoto 123 wenye riketsi. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Nchi ile ina jua kama yetu, na watoto wake wengi huachishwa ziwa kwa uji wa nafaka kama watoto wetu.

Makubaliano ya mwaka 2016 yalieleza kuwa mtoto aliyevuka umri wa mwaka mmoja na anayepata chini ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku yumo hatarini, hata kama vitamini D yake inatosha. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya ng'ombe kina takriban kiasi hicho. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300, wakati gramu 100 za mahindi, mtama au uwele kwa kawaida hazifiki 50. Tena nafaka zina faiteti, kitu kinachoikamata kalsiamu tumboni na kuzuia isifyonzwe. Kulowesha, kuchachusha na kutumia kimea hupunguza faiteti hiyo. Dagaa wanaotafunwa pamoja na mifupa yao ni chanzo kingine kizuri cha kalsiamu.

3. Vipimo vyenyewe na maana yake

Viwango tunavyovitaja hapa ni vya kumwongoza msomaji tu. Kila maabara hutumia mashine na kemikali zake, hivyo kiwango cha kulinganishia ni kile kilichochapishwa kwenye karatasi yako ya majibu.

Kalsiamu. Kwa mtu mzima maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya milimoli 2.15 na 2.55 kwa lita. Kama karatasi inatumia miligramu kwa desilita, gawanya kwa 4 upate milimoli. Kalsiamu ikishuka sana mtu huhisi ganzi kuzunguka mdomo na vidoleni, misuli hukakamaa, na mtoto anaweza kupata degedege. Hiyo ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Albumini. Hii ni protini ya damu inayobeba sehemu kubwa ya kalsiamu. Kwa mtu mwenye utapiamlo au ugonjwa wa ini, albumini hushuka na kalsiamu husomeka chini hata kama sehemu yake inayofanya kazi haijapungua. Daktari hurekebisha hesabu kwa kuongeza milimoli 0.02 kwa kila gramu moja ya albumini iliyopungua chini ya 40 kwa lita. Kwa hiyo kalsiamu ya 2.05 yenye albumini ya 30 husomwa kama 2.25.

Fosfeti. Watoto huwa na fosfeti nyingi kuliko watu wazima. Namba ambayo kwa baba ni ya kawaida inaweza kuwa ya chini kwa mwanawe. Fosfeti iliyoshuka ni miongoni mwa dalili muhimu za riketsi.

Alikalaini fosfatezi, yaani ALP. Hiki ni kimeng'enya kinachotolewa na seli zinazojenga mfupa. Mfupa unapohangaika kujijenga bila madini, ALP hupanda. Kipimo hiki ni cha kawaida katika maabara, nacho kinaweza kuonyesha tatizo wakati kalsiamu bado imetulia. Kikomo cha juu kwa mtu mzima ni karibu na yuniti 130 kwa lita, lakini mtoto mwenye afya anayekua anaweza kuwa na 300 au zaidi. ALP hupanda pia katika magonjwa ya ini na katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Kwa upande mwingine, utapiamlo mkali au upungufu wa zinki unaweza kuishusha na kuificha riketsi.

25-haidroksivitamini D. Hiki ndicho kipimo cha akiba ya vitamini D. Makubaliano ya mwaka 2016 yanahesabu chini ya nanomoli 30 kwa lita kuwa upungufu, kati ya 30 na 50 kuwa pungufu kidogo, na zaidi ya 50 kuwa inatosha. Kuna kipimo kingine chenye jina linalofanana, 1,25-dihaidroksivitamini D, ambacho hupima hali ya utendaji ya vitamini hiyo. Hicho hakifai kupimia akiba, kwa kuwa PTH inaweza kukiweka kiwe cha kawaida au hata cha juu wakati akiba imekwisha. Kabla ya kulipa, hakikisha umeandikiwa kipi.

PTH. Ikipanda, inatuambia kwamba mwili unavuna kalsiamu kutoka mifupani. Kipimo hiki hakipatikani kila mahali. Mara nyingi sampuli husafirishwa kwenda maabara kubwa.

Magnesiamu. Tezi za parathairoidi haziwezi kutoa homoni vizuri bila madini haya. Mtu mwenye kuharisha kwa muda mrefu, mnywaji wa pombe kupita kiasi, au anayetumia omeprazoli kwa miaka anaweza kupungukiwa. Kalsiamu ikikataa kupanda licha ya matibabu, daktari huangalia magnesiamu.

Kreatinini. Hii hupima kazi ya figo. Figo zikishindwa, vitamini D haigeuzwi kuwa katika hali ya utendaji na mifupa huathirika kwa njia nyingine kabisa, inayohitaji tiba tofauti.

4. Kusoma namba kwa pamoja

Mifano ifuatayo tumeitunga kwa ajili ya kufundishia.

Mfano wa kwanza. Mtoto wa miaka miwili na nusu, anayekula uji wa mahindi na ugali wa uwele na asiyepata maziwa, miguu yake inapinda. Majibu: kalsiamu 2.25, fosfeti 0.9, ALP 1,150, PTH iko juu, vitamini D nanomoli 62, kreatinini ya kawaida. Mtu anayetazama mstari wa kwanza tu atasema mtoto ni mzima. Lakini fosfeti iko chini kwa umri huo, ambao maabara nyingi huanzia karibu na 1.3, ALP imepanda mno, na PTH inaonyesha mwili unachimba kalsiamu mifupani. Vitamini D inatosha. Picha yote inaelekeza kwenye upungufu wa kalsiamu ya chakula. Kumdunga mtoto huyu sindano ya vitamini D na kumrudisha kwenye uji uleule hakutatibu chanzo.

Kama PTH ya mtoto huyo ingekuwa ya kawaida huku fosfeti ikiwa chini vilevile, daktari angefikiria ugonjwa mwingine, unaorithiwa mara nyingi, ambamo figo hupoteza fosfeti. Tiba yake ni tofauti. Hapo ndipo kipimo kimoja cha nyongeza kinapostahili gharama yake.

Mfano wa pili. Mwanamke wa miaka 45 ana maumivu ya mapaja. Karatasi yake inasema tu: «Vitamini D 24». Je, amepungukiwa? Hatuwezi kujua, kwa sababu kipimio hakikuandikwa. Maabara nyingine hutumia nanogramu kwa mililita na nyingine nanomoli kwa lita. Nanogramu moja kwa mililita ni sawa na nanomoli 2.5 kwa lita. Kwa hiyo 24 ya nanogramu ni 60 ya nanomoli, inayotosha. Na 24 ya nanomoli ni upungufu unaohitaji tiba. Namba ni ileile, na hatua za kuchukua zinapingana.

Mfano wa tatu. Bibi wa miaka 70 ameteleza uani na kuvunjika nyonga. Kalsiamu, fosfeti, ALP na vitamini D vyote ni vya kawaida. Majibu haya hayamaanishi kuwa mifupa yake ni imara. Katika osteoporosisi mfupa hupungua wingi wake polepole, nayo damu kwa kawaida haionyeshi mabadiliko. Ugonjwa huo hutambuliwa kwa historia ya mgonjwa na kwa picha maalumu ya kupima ujazo wa mfupa.

5. Floraidi: jambo ambalo karatasi ya kawaida haionyeshi

Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania inayojulikana kuwa na floraidi nyingi katika baadhi ya vyanzo vya maji, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga. Kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa nchini kilikuwa miligramu 4 kwa lita. Sasa ni 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani.

Floraidi iliyozidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia wakati yanapoundwa. Wazazi wengi hudhani madoa hayo yanatokana na ukosefu wa kalsiamu na hununua vidonge. Vidonge haviondoi madoa hayo. Ikiendelea kuingia mwilini kwa miaka mingi, floraidi hujikusanya mifupani. Mgongo na viungo hukakamaa na kuuma. Damu ya mtu huyo inaweza kuonyesha kalsiamu ya kawaida na ALP iliyopanda, hali inayofanana na osteomalasia. Picha ya eksirei husaidia kutofautisha, kwa kuwa mfupa wenye floraidi nyingi mara nyingi huonekana mzito kuliko kawaida. Kwa mtoto mwenye lishe duni ya kalsiamu, floraidi huongeza uzito wa tatizo na inaweza kuchangia kupinda kwa miguu.

Kwa sababu hiyo, unapomwona daktari kwa tatizo la mifupa, mwambie unakunywa maji ya wapi na kwa muda gani: kisima kirefu, kisima cha kuchimba kwa mikono, bwawa, bomba au maji ya mvua. Taja pia kama nyumbani mnapika maharage au makande kwa magadi, kwani magadi yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanayopungua kwa mvuke huiacha floraidi ikiwa imekolea zaidi. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri hayana floraidi ila kidogo sana. Chujio la mkaa wa mifupa huipunguza floraidi, na teknolojia hiyo imefanyiwa kazi nchini kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha. Chombo cha usimamizi wa maji kijijini, RUWASA au, kwa wakazi wa mjini, SUWASA ndio wa kuulizwa kuhusu upimaji wa chanzo chenu.

6. Mambo yanayopotosha majibu

Majibu mazuri huanzia kwenye mkono unaochotwa damu. Mpira ukifungwa kwa kukaza na kwa muda mrefu, kalsiamu husomeka juu kuliko ilivyo. Chembe za damu zikipasuka, fosfeti iliyomo ndani yake humwagika na kupandisha namba. Kichupa chenye kizibo cha zambarau kina dawa inayokamata kalsiamu ili damu isigande. Dawa hiyo ikiingia katika kichupa kingine, kalsiamu husomeka chini mno na ALP hushuka. Majibu yasiyolingana na hali ya mgonjwa yarudiwe kabla ya kuanza tiba.

Mtaje mhudumu kila dawa unayotumia. Fenitoini, fenobabito na kabamazepini za kifafa, pamoja na rifampisini ya kifua kikuu, huongeza kasi ya kuvunjwa kwa vitamini D. Tenofoviri, iliyomo katika dawa za kufubaza VVU, kwa baadhi ya watu huzifanya figo zipoteze fosfeti. Usiache dawa yoyote kati ya hizi kwa hofu ya mifupa. Madhara ya kuiacha ni makubwa zaidi, na daktari anaweza kufuatilia vipimo. Taja pia vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini kwa wingi, ambayo katika baadhi ya mashine hupotosha majibu ya vitamini D na ya PTH.

7. Kabla ya kununua dawa

Vitamini D nyingi kupita kiasi ni sumu. Huongeza kalsiamu katika damu, na dalili zake ni kichefuchefu, kiu, mkojo mwingi, kufunga choo na kuchanganyikiwa. Figo zinaweza kuharibika. Hali hiyo haitokani na jua. Hutokana na vidonge, matone au sindano za kiwango kikubwa zinazotumiwa bila usimamizi.

Soma lebo kwa makini. Bidhaa nyingine huandika mikrogramu na nyingine yuniti za kimataifa. Mikrogramu 1 ni yuniti 40. Mtu anayechanganya vipimio hivyo anaweza kumpa mtoto mara 40 ya kiasi kilichoagizwa. Nunua katika famasia au duka la dawa lenye kibali, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na uulize kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dawa ikikuletea madhara, toa taarifa kwa mhudumu wa afya au kwa TMDA.

8. Haki na wajibu wa mtumiaji wa huduma

Unayo haki ya kupata majibu yaliyoandikwa, yenye jina lako, umri, tarehe ya kuchukuliwa sampuli, jina kamili la kila kipimo, kipimio chake, kiwango cha kawaida kwa umri wako, na saini ya mtaalamu aliyehusika. Unayo haki ya kuambiwa kama sampuli itapelekwa maabara nyingine, na ya kujua gharama kabla ya kuchotwa damu. Maabara binafsi inapaswa kuwa imesajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Omba kuona cheti. Ukiwa na malalamiko, anza na mkuu wa kituo. Usiporidhika, nenda kwa mganga mkuu wa halmashauri au kwa Bodi hiyo.

Wajibu wako ni kusema ukweli kuhusu chakula, maji na dawa unazotumia, kutunza karatasi za zamani ili zilinganishwe na mpya, na kurudi kwa siku uliyopangiwa. Katika tiba ya riketsi, fosfeti na ALP hurudia hali ya kawaida polepole, nayo miguu ya mtoto mdogo huendelea kunyooka kadiri anavyokua. Mzazi anayeacha tiba kwa kuona mtoto ameanza kucheza anakatiza kazi ambayo mfupa haujaimaliza.

Kama fedha hazitoshi kwa vipimo vyote, mwambie daktari waziwazi. Mara nyingi anaweza kuanza na kalsiamu, fosfeti, ALP na kreatinini, pamoja na eksirei ya kifundo cha mkono au goti, kisha akaamua kama vitamini D na PTH vinahitajika. Kuanza na vitamini D peke yake, kwa kuwa ndiyo inayotangazwa zaidi, si matumizi mazuri ya fedha.

9. Jipime

a) Kalsiamu ya mtoto ni ya kawaida na ALP ni 900. Je, mifupa yake ni salama?
b) Karatasi inasema vitamini D ni 18, bila kipimio. Ufanye nini?
c) Meno ya mtoto yana madoa ya kahawia. Je, umnunulie vidonge vya kalsiamu?
d) Maji ya kisima yamechemshwa. Je, floraidi imekwisha?

Majibu. (a) Hapana, namba hizo zinahitaji fosfeti, PTH na eksirei kabla ya kutoa kauli, na ini lake lichunguzwe pia. (b) Rudi maabara uombe kipimio kiandikwe. 18 ya nanogramu ni nanomoli 45, na 18 ya nanomoli ni upungufu. (c) Hapana, uliza kwanza kuhusu floraidi ya maji mnayokunywa. (d) Hapana, imebaki, na huenda imekolea zaidi.

Beba kijitabu hiki unapokwenda kuchukua majibu. Kabla ya kuondoka dirishani, hakikisha kila namba ina kipimio na kiwango cha umri wa mgonjwa, kisha mwombe daktari azisome zote kwa pamoja mbele yako.